Mbwa Wafukuzao Baiskeli Njiani

Kila apitaye kwa baiskeli katika njia za mashamba ayajua mambo haya. Njia ni nyeupe, upepo ni mzuri, mzigo umefungwa sawasawa juu ya keria. Mara mbwa atoka nyuma ya ua wa nyumba iliyo kando ya njia, yu mbio, meno nje, akikielekea kisigino cha mpanda baiskeli. Huyo naye hukaza miguu, au huinua mguu mmoja ili ampige teke, na mara nyingi shauri huishia mchangani: gurudumu la mbele limepinda, mayai yamevunjika, na goti latoka damu. Waliokaa barazani hucheka. Lakini muuguzi aendaye kuchanja watoto wachanga, mwalimu arudiye na madaftari ya wanafunzi, kijana wa bodaboda mwenye abiria, mtoto atumwaye dukani, wote hupita katika njia hizo hizo. Tena katika nchi zetu jino la mbwa laweza kuleta mauti, kama tutakavyoeleza. Basi tumeona yafaa tuliandike somo hili kwa urefu kidogo, ili walimu walisome mbele ya watoto, nao machifu na wenyeviti wa vijiji walitumie katika mikutano yao.

Kwanza na tumtazame mbwa mwenyewe, kwa kuwa watu wengi hushindwa naye kwa sababu hawamjui. Mbwa wa shamba si mbwa wa mapambo. Amewekwa pale ili usiku fisi asichukue mbuzi, na mchana nyani wasimalize mahindi, na mwizi ajue kwamba nyumba ina masikio. Naye ana mpaka wake, ijapokuwa haukupimwa na mpima ardhi: huanza penye mti fulani na kuishia penye kichaka fulani, na njia ya watu wote, kwa hesabu yake, ni sehemu ya ua wa bwana wake. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba mbwa ni wa ukoo wa wanyama wawindao, na kitu chochote kikimbiacho mbele yake humwamsha: paa, kuku, mpira wa watoto, gurudumu lizungukalo. Apitaye polepole kwa miguu huenda asibwekewe hata kidogo na mbwa yule yule afukuzaye baiskeli.

Lakini iko sababu ya tatu, nayo ndiyo wasiyoifikiri watu. Mpanda baiskeli apita asubuhi. Mbwa abweka na kumfukuza. Mpanda baiskeli aenda zake, kwa kuwa safari yake ni ya kwenda mbele, wala hakuja kukaa pale. Mbwa hajui habari za safari. Yeye aona neno moja tu: nimebweka, nimekimbiza, na adui amekimbia. Jioni mtu yule arudi, na mambo huwa vivyo hivyo. Mbwa ameshinda tena. Ukihesabu mwezi mzima, mbwa huyo amepigana vita kama hamsini, na vyote ameshinda yeye. Je, ni ajabu akizidi ukali? Mtu naye angeshinda vita hamsini bila jeraha angejiona jemadari.

Mwenye kuyafahamu haya ataona mara kwa nini kukaza mbio hakufai. Mbwa mzima aweza kukimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa katika masafa mafupi. Baiskeli yenye gunia la mahindi katika njia ya mchanga aghalabu haifiki nusu ya mwendo huo. Kama mbwa angali mbali sana, na njia yateremka, na hakuna shimo wala mtu mbele, hapo mtu aweza kujiendea. Mahali pengine pote, mbio ni kumwita mbwa. Na teke ni baya kuliko mbio, maana amwinuliaye mbwa mguu amebaki na mguu mmoja juu ya pedeli na baiskeli isiyo na mizani. Kuanguka huko huvunja mikono ya watu ambao mbwa hakuwagusa hata kwa unywele. Mbwa akiingia mbele ya gurudumu la mbele, mpandaji huruka juu ya usukani. Na kama kuna mtoto juu ya keria, miguu yake yaning'inia upande ule ule ajapo mbwa.

Dawa, basi, ni kusimama. Twajua kwamba wengi watakaosoma neno hili watatikisa kichwa, lakini na wasome mpaka mwisho. Umwonapo mbwa anakuja, punguza mwendo, kisha shuka upande usio wake, ili baiskeli ikae katikati yenu kama ukuta. Mikono yote miwili iwe usukanini. Mbwa akizunguka, nawe uizungushe baiskeli, ukuta ubaki pale pale. Usimkodolee macho, kwa maana mbwa huhesabu jambo hilo kuwa ni kutaka vita. Mtazame miguuni au kando yake. Sema naye kwa sauti nzito isiyo ya hofu: “Nyumbani! Toka!” Aghalabu atasimama, abweke mara mbili tatu, kisha ageuze shingo kutazama nyumbani kana kwamba ataka shauri. Kile kitu kilichokuwa kikikimbia kimekufa; mbele yake yuko mtu tu, na watu huwaona kila siku. Ndipo usukume baiskeli kwa miguu, polepole, mpaka uupite ule mpaka wake, wala usimpe mgongo ghafula, wala usiwe na haraka ya kupanda tena. Dakika tatu zimepotea. Vita vya siku hiyo mbwa hakushinda.

Watu wa zamani walijaribu njia nyingine. Baiskeli zilipoenea katika Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, mbwa wa huko nao walizifukuza vivyo hivyo, hata fundi mmoja wa silaha huko Ufaransa, Charles-François Galand, akatengeneza bastola ndogo ya mfukoni iliyoitwa Velo-Dog, kwa ajili ya wapanda baiskeli. Sisi twastaajabu jinsi mtu awezavyo kushika usukani kwa mkono mmoja na bastola kwa mkono wa pili katika njia yenye mawe, asijipige mguu wake mwenyewe. Kwetu watu hutumia pampu ya baiskeli, au fimbo iliyofungwa penye fremu. Mwenye fimbo na awe nayo, lakini iwe ya kumzuia mbwa, si ya kumchapa. Mbwa aliyepigwa na mpanda baiskeli mmoja huwalipiza kisasi wote wapitao baadaye. Kuinama tu kama mtu aokotaye jiwe huwatosha mbwa wengi wa vijijini, maana wamejifunza maana yake tangu utotoni. Jiwe lenyewe heri libaki chini, kwa kuwa nyuma ya mbwa mara nyingi wako watoto wa nyumba ile.

Tena tunayo desturi yetu njema ifaayo hapa. Ukiikaribia nyumba ujuayo kuwa ina mbwa mkali, piga kengele ungali mbali, au piga hodi: “Hodi wenyewe! Mshikeni mbwa, twapita!” Bibi aliye jikoni akimwita mbwa mara moja kwa jina lake, kazi imekwisha, maana mbwa humtii ampaye ugali kuliko mtu mwingine yeyote. Na mwenye nyumba aliyeitikia “Karibu” hawezi tena kudai barazani kwamba hakujua kuwa mbwa wake yuko njiani.

Watoto wa shule wafundishwe mambo mawili tu, wayazoee kama mchezo. La kwanza ni kuwa mti: mbwa ajapo, simama, mikono imeshuka, kimya, usipige kelele, usikimbie. La pili ni kuwa jiwe: ukiangushwa, jikunje, uso chini, mikono ifunike shingo na masikio, usigaegae. Mwalimu aweza kulifundisha somo hili uwanjani kwa muda wa robo saa, na watoto watafurahi.

Sasa twaja kwenye neno zito. Mbwa wote tuliowasema mpaka hapa ni wazima wa akili. Yuko mwingine, mwenye ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na huyo hafuati kanuni zetu. Hana mpaka, huonekana mbali na kwao, hata watu wa pale hawamjui. Huuma bila kubweka, huuma fimbo, huuma mawe na ng'ombe. Sauti yake imebadilika, mate yamtoka, miguu ya nyuma yamyumbisha. Umwonapo wa namna hiyo, weka baiskeli katikati kama tulivyosema, lakini usingoje akusikilize: ingia nyumba iliyo karibu, au panda juu ya kitu, kisha uwape watu habari. Na tahadharini zaidi na kichaa cha namna ya pili, kisicho na ukali. Mbwa hukaa kimya gizani, taya limelegea, hawezi kumeza. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, naye kwa huruma yake hutia mkono kinywani ili autoe. Mkono huo umeingia katika mate yenye sumu. Mbwa asiyeweza kumeza asiguswe, aitwe afisa mifugo.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Katika Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza katika mbwa karibu na Nairobi mwaka wa 1912. Katika dunia nzima yakadiriwa kuwa watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia, wengi wakiwa watoto. Hatari yake iko katika ukimya wake. Mtu huumwa leo, jeraha hupona, naye husahau. Kisha baada ya miezi miwili au mitatu, na pengine baada ya mwaka na zaidi, homa huanza, jeraha la zamani huwasha, na maji yakiletwa karibu koo hujikaza kwa hofu. Dalili hizo zikiisha kuonekana, hapana daktari awezaye kumrudisha, isipokuwa watu wachache mno waliopata kuhesabiwa duniani. Wako wasemao kwamba mtu huyo amerogwa, kwa kuwa jeraha lilipona zamani. Hakurogwa. Aliumwa na mbwa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia la kufanya siku ile.

La kufanya ni hili, nalo latuhusu hata katika mkwaruzo mdogo uliotoka damu kidogo, na hata mbwa akiramba mahali palipochubuka. Oshwe kwa maji mengi yamiminikayo, na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wadhanivyo. Mtu huosha dakika mbili akaona inatosha. Haitoshi. Sabuni yoyote yafaa, hata ile ya kufulia, na maji ya mtungi yafaa, bora yamiminwe bila kukoma. Baadaye itiwe dawa ya iodini ikiwapo. Wala isitiwe majivu, pilipili, mafuta ya taa, wala majani, wala jeraha lisifungwe kwa kubanwa. Kisha mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Yafaa kupiga simu kwanza, maana chanjo hii haipatikani katika kila zahanati, na mtu aweza kupoteza siku nzima akizunguka. Sindano ya kwanza huchomwa siku ile ile, na nyingine huchomwa siku ya 3, na ya 7, na kuendelea kwa kadiri ya agizo la daktari. Na mwenye jeraha baya hupewa pia dawa nyingine ya kinga ichomwayo penye jeraha lenyewe. Si sindano za tumboni kama zile wazee wetu walizozisimulia. Siku hizi huchomwa mkononi. Mtu asiache katikati kwa sababu anajiona mzima. Kila mtu aliyeumwa hujiona mzima.

Walimu watapenda kuwasimulia watoto jinsi chanjo hii ilivyoanza. Mwezi wa Julai mwaka wa 1885 mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, alipelekwa na mamaye Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur. Pasteur hakuwa daktari wa kutibu watu, naye alikuwa amewajaribia mbwa dawa yake. Alisita sana, kisha mtoto akachomwa sindano mara 13 katika siku kama 10. Mtoto akapona, akakua, akawa mlinzi wa mlango katika nyumba ya elimu iliyopewa jina la Pasteur.

Na mbwa aliyemwuma mtu? Akiwa ajulikana na hana dalili, asiuawe. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe kwa siku 10. Kama alikuwa na sumu katika mate yake siku ya kuuma, ataugua au kufa kabla ya siku hizo kwisha; akiwa mzima siku ya kumi, daktari ataweza kukomesha sindano. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ndipo aende hospitali; aanze kwanza. Twalitilia mkazo kwa kuwa mara nyingi mambo hufanywa kinyume: mbwa huuawa na kutupwa mtoni papo hapo, mgonjwa naye hukaa nyumbani akingoja kuona itakuwaje.

Tumesema mengi juu ya mpita njia, na haki ni kwamba mzigo mkubwa si wake. Njia ni ya watu wote. Mbwa ana mwenyewe. Hatusemi kila mbwa afungwe mnyororo usiku na mchana, kwa maana aliyefungwa siku zote huzidi ukali, na mbuzi nao wahitaji mlinzi. Lakini mchana, wakati wa watoto kwenda shule na kurudi, mbwa ajulikanaye kwa kufukuza afungwe kivulini, afunguliwe jioni. Ua ulio upande wa njia uzibwe, hata kwa miiba. Mwenye mbwa mdogo amzoeze baiskeli mapema: kijana wa nyumba apite nayo polepole, asimame, ampe mbwa kipande cha ugali, kila siku kwa wiki chache. Na wale vijana wampigiao mbwa miluzi wakimchochea amrukie mpita njia, kisha wakacheka, wazee wao wajue kwamba mchezo huo ndio shule ya mbwa mbaya. Mtu akiumwa, mwenye mbwa amsindikize hospitali na kugawana naye gharama. Katika vijiji vingi neno hili lafahamika bila kuandikwa, na lafaa kuandikwa.

Mara nyingine watu wakikasirika husema: wauawe mbwa wote. Shauri hili limejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, huko Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka wa 1997, mbwa waliuawa maelfu kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Sababu yake si ngumu kuiona. Mbwa wenye chanjo huuawa pamoja na wasio nayo, watu huficha wao, kisha huleta wadogo kutoka mahali pengine ili kulinda nyumba, na hao wadogo hawana kinga yoyote. Kilichoshinda mahali pengi ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wataalamu wasema kwamba mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Pemba walilifanya jambo hili. Kwa kuchanja mbwa wa kisiwa kizima, mwaka wa 2014 kichaa kilikoma. Kisha chanjo zikalegea, na mwaka wa 2016 kikaingizwa tena; chanjo ziliporudishwa, kikaondoka mwaka wa 2018. Uingereza nayo iliwahi kupatwa na jambo kama hilo. Kwa amri za kufunga vinywa vya mbwa na kuzuia mbwa wageni ilijitoa katika ugonjwa huu mwaka wa 1902, nao ukarudi mwaka wa 1918 kwa mbwa walioingizwa kwa siri kutoka ng'ambo, hata ikawapasa kuuondoa mara ya pili, mwaka wa 1922.

Basi siku ya chanjo itangazwapo, mwenyekiti na ataje mahali na saa wiki nzima kabla, shuleni pia, kwa kuwa walio wengi wa kuwaleta mbwa ni watoto. Kila mbwa aje na kamba yake, naye mshikaji awe mtu amwezaye. Wasimame mbalimbali, wasipigane. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba, maana ndiyo itakayoulizwa siku mbwa huyo atakapomwuma mtu. Na watu wengi huwaacha nyumbani watoto wa mbwa, wakidhani ni wadogo mno kwa sindano. Wachanjwe nao, hata wasiofika miezi mitatu. Wasioweza kutembea huchukuliwa kwa kapu juu ya keria.